Mhakiki wa Pili Yuko Ombaci

Saa moja na nusu asubuhi, Rosa Kiden anatoa kalamu mfukoni na kumkabidhi mwanamke anayefagia sakafu.

"Ocokoru, shika hii. Mimi naitisha baadaye," anasema.

Ocokoru anaichomeka kalamu kwenye nywele, juu ya sikio, na kuendelea na ufagio wake. Rosa anaketi. Anachukua bahasha ya kahawia yenye stempu za Nairobi, na kabla ya kuifungua anasimamisha gunia la unga katikati ya meza, baina yake na mwandishi wa habari. Gunia hilo limewekwa ili macho ya mgeni yasitambae, na mgeni anaelewa bila kuambiwa.

Kwa saa nzima Rosa anasoma bila kuandika kitu. Mara mbili mkono wake unakwenda mfukoni, unakuta mfuko mtupu, unarudi mezani. Ocokoru anacheka pembeni.

Hapa ni kituo kidogo cha majaribio ya mazao, mwendo mfupi kutoka misheni ya Ombaci, nje ya mji wa Arua. Chumba cha kupimia vyakula kina meza mbili, kabati la chupa na jiko la mafuta ya taa ambalo mwezi huu halina mafuta ya taa. Rosa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni msaidizi wa maabara. Hana digrii. Mshahara wake ni shilingi mia nne na themanini kwa mwezi, na kwa kazi iliyomleta mwandishi wa habari hapa halipwi hata senti.

Kazi yenyewe ni uhakiki. Mtaalamu akimaliza utafiti wake huandika makala na kuipeleka kwenye jarida la sayansi. Mhariri hachapi hivi hivi. Huiondoa karatasi yenye jina la mwandishi, kisha huwapelekea watu wawili wanaoijua kazi hiyo, wasome na kusema kama inasimama au inayumba. Mwandishi hawajui waliomsoma, nao hawaambiwi ni nani waliyemsoma. Katika miaka mitatu Rosa amesoma makala kumi na saba namna hiyo, nyingi zikiwa za nafaka, muhogo na karanga.

"Watu nafikiri kuhakiki ni kutafuta makosa," anasema. "Hapana. Kwanza unatafuta huyu mutu nataka kusema nini. Kama wewe hapana elewa, kosa gani sasa utaona?"

Ndiyo sababu ya kalamu kukaa kichwani kwa Ocokoru. Rosa anajijua. Akiwa na kalamu mkononi ataanza kupiga mistari tangu ukurasa wa kwanza, na akishapiga mistari mitano atakuwa amekwisha mchukia mwandishi. Kwa hiyo anasoma mara tatu: mara ya kwanza mikono mitupu, mara ya pili majedwali peke yake, na mara ya tatu yote pamoja, kalamu ikiwa imerudi.

Uhakiki alianza vibaya, na halifichi hilo. Mwaka 1972, mkemia aliyekuwa mkuu wake alifunga masanduku na kuondoka, kama wengi walivyoondoka mwaka ule. Bahasha za jarida ziliendelea kuja kwa jina lake. Rosa ndiye aliyekuwa akifungua barua za ofisi. Alipoifungua moja akakuta makala kuhusu ulezi, akaisoma yote, akaona hesabu za jedwali la pili hazijumlishiki. Akamwandikia mhariri kwamba mkemia hayupo, na kwamba jedwali la pili lina kosa.

Jibu lilichukua wiki saba. "Mhariri aliandika, kusoma kitu hukupewa ni kosa, usirudie. Halafu chini akaandika, lakini umesoma vizuri. Ndani ya bahasha aliweka makala ingine, jina yangu juu."

Jarida hilo hataki litajwe, nasi hatulitaji. Hata kisa kinachofuata asingekisimulia bila ruhusa. Kabla hajafungua mdomo aliweka mezani barua mbili, moja ya mhariri na moja ya mwandishi wa makala inayohusika, zote zikisema kwamba jambo limekwisha na Rosa yuko huru kulisema. Mwandishi wa habari alizisoma barua zote mbili, na Rosa akamtazama mpaka alipofika kwenye sahihi.

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Bahasha ilileta makala kuhusu muhogo wa West Nile.

Muhogo unaolimwa zaidi huku, hasa upande wa Koboko, ni ule mchungu. Una sumu, na kila mama anajua. Kwa hiyo haumenywi leo ukaliwa kesho. Unamenywa, unanyaushwa juani, kisha unavundikwa: unarundikwa nyumbani, unafunikwa kwa majani siku tatu au nne mpaka uote ukungu. Halafu ukungu unakwanguliwa, makopa yanapondwa na kuanikwa juu ya mwamba, ndipo unga unapatikana. Unga huo una rangi ya kijivu kidogo. Mgeni akiuona anakunja pua.

Makala ilisema desturi hiyo ni uchafu na inapaswa kukomeshwa. Mwandishi wake alikuwa amepima sampuli kumi na mbili za unga kutoka soko la Inde, zote za muhogo ulioanikwa tu bila kuvundikwa, kwa maelezo ya wauzaji. Wastani wa sumu ulikuwa mdogo sana. Basi, makala ikahitimisha, jua peke yake latosha, na ukungu hauna kazi.

Haya hayakuwa maneno ya kwenye karatasi tu. Ofisi moja ya serikali ilikuwa na tangazo tayari, na watu wa Koboko walikwisha ambiwa sokoni: makala ikichapwa, marundo yote yatamwagwa, na atakayekutwa anavundika atatozwa faini.

Rosa alijua njia hiyo inaishia wapi. Mwaka 1974 mvua zilipokosa, watu wa kwao walichimba muhogo mchanga, na kwa njaa hawakungoja kuvundika. Waliukata, wakauanika siku mbili, wakala. Wiki ya tatu watoto walianza kuamka na miguu mikavu, haikunjiki. Mmoja wao ni Margarita, mtoto wa dada yake Rosa, wakati ule akiwa na miaka tisa. Leo ana kumi na moja, na anatembea kwa fimbo.

"Nilimaliza kusoma mara ya kwanza, nikaambia Ocokoru kaa na kalamu mpaka kesho," anasema Rosa. "Nilikuwa na hasira. Mutu ya hasira hapana weza kupima."

Kesho yake hakuanza na makala. Alianza na barua kwa mhariri. Aliandika mambo mawili: kwamba ingawa jina limeondolewa, anahisi mwandishi ni mtu wa Koboko ambaye ukoo wake anaufahamu, na kwamba ana mtoto nyumbani aliyelemaa kwa muhogo, hivyo moyo wake una upande. Kama mhariri anaona haya yanaharibu uhakiki, ampe mtu mwingine.

Watu wengi wangenyamaza. Rosa anasema kunyamaza ndiko kungekuwa kosa, kwa kuwa mhariri naye anapima, na hawezi kupima mtu aliyejificha. Mhariri akajibu kwa simu ya maandishi, maneno matatu: Endelea. Sema unachokiona.

Alichokiona kilikuwa kwenye jedwali la tatu. Mwandishi, kwa uangalifu wa kusifiwa, alikuwa ameandika rangi ya kila sampuli. Tisa zilikuwa za kijivu. Tatu zilikuwa nyeupe. Zile tisa zilikuwa na sumu kidogo. Zile tatu zilikuwa na sumu nyingi kupita kiasi, na mwandishi alizitoa kwenye wastani akisema lazima kipimo kilikosea.

Rosa aliweka kidole kwenye neno kijivu na kukaa nalo muda mrefu. Muhogo ulioanikwa tu hutoa unga mweupe. Ukiona kijivu, ukungu ulipita hapo. Sampuli tisa "safi" zilikuwa zimevundikwa, na zile tatu zilizotupwa ndizo pekee zilizosema kweli.

Wauzaji walidanganya, basi? Rosa anacheka swali hilo. Miaka kadhaa nyuma mtu wa afya alipita Inde na kumwaga unga wote wenye dalili ya ukungu. Tangu siku hiyo, ukija na daftari na kuuliza kama unga umevundikwa, soko zima litakujibu kwa sauti moja kwamba haukuvundikwa. "Hata mimi, kama nauza, najibu hivyo," anasema. "Mutu ya kutoka mbali nafikiri ni jibu. Sisi tunajua ni salamu."

Kuandika ripoti kulimchukua siku nne na karatasi za kaboni mbili za mwisho za kituo. Mwandishi wa habari ameiona nakala. Inaanza kwa kueleza makala inasema nini, kwa sentensi tatu, ili mwenyewe aone kwamba amesomwa. Kisha inasifu jedwali la rangi. Halafu inakuja hoja kubwa, moja tu, kwa namba za kurasa na mistari. Mambo madogo, kama tarehe iliyopinda na hesabu iliyoruka, yamewekwa mwisho, yasije yakaonekana sawa na lile kubwa. Hakuna neno la kejeli.

Kuna pia mahali ameandika: "Kama ukungu wenyewe una madhara, mimi sijui. Sina chombo cha kupima. Aulizwe anayejua."

Mwishoni hakuandika "tupa". Aliandika kipimo ambacho kingemaliza ubishi. Ichukuliwe mihogo ya shamba moja, siku moja. Nusu ianikwe, nusu ivundikwe na mtu mwenye mazoea. Yote ipimwe kwa mkono mmoja. Mpaka hapo, makala isichapwe.

Mhakiki wa kwanza, ambaye Rosa hamjui mpaka leo, alikuwa ameandika mistari miwili: kazi nzuri, ichapwe. Mhariri alikuwa na ndiyo moja na hapana moja. Akachagua kungoja, akampelekea mwandishi ripoti zote mbili.

Januari mwaka huu gari liliingia kituoni na magunia mawili ya muhogo. Akashuka Dakta Celestino Lado.

Dakta Lado ni mkemia, mtoto wa askari, mzaliwa wa Koboko. Lakini kuzaliwa Koboko na kula Koboko ni mambo mawili. Alikulia kambini, akala posho ya mahindi ya jeshi, akatoka hapo akaenda shule za bweni. Muhogo aliujua kwenye chupa. Alikuja Ombaci kwa sababu chumba cha Rosa ndicho pekee karibu chenye vijikaratasi vya njano vya kupimia sumu hiyo. Kijikaratasi huning'inizwa ndani ya chupa yenye unga na maji. Sumu ikiwepo, hugeuka rangi ya tofali.

Alikuwa na ripoti mfukoni na hasira kifuani. "Iko mutu moja, mhakiki wa pili," alimwambia Rosa akiwa bado mlangoni. "Hapana jua sayansi. Nafikiri hata shule hapana maliza. Sasa nanisumbua nianze upya. Dada, nisaidie nimalize, nimfunge mdomo."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, wahenga walisema, na pengine hata hajui anamtukana nani. Rosa aliitikia, "Karibu, Dakta," akaanza kuosha chupa. Hakuwa na ruhusa ya kusema, na hakusema. Ocokoru, aliyejua kila kitu, alitoka nje na ufagio wake kwa haraka.

Ukweli ni kwamba Rosa aliogopa. Ukoo wa Dakta una watu wenye vyeo jeshini, na nyakati hizi mtu mwenye akili hachezi na vyeo. Tena kipimo kingeweza kumgeuka yeye mwenyewe. "Kila siku niliuliza, kama chupa nasema yeye iko sawa, mimi nitakubali? Nikajibu, nitakubali. Vinginevyo mimi ni mushenzi tu mwenye karatasi."

Dakta alihitaji mtu wa kuvundika. Aliitwa Mama Eyotaru, muuza unga wa Inde, mwenye mikono iliyofanya kazi hiyo tangu utotoni. Alipanga nusu ya mihogo, akaifunika, akaibonyeza kwa kiganja kila asubuhi. Siku ya pili Dakta, katika kupoteza wakati, akamuuliza kama ni kweli pale Inde watu hawavundiki tena.

"Nani alisema?" Eyotaru akauliza.

"Nyinyi wenyewe. Mwaka jana nilituma mutu, mulimwambia."

"Yule ya suruali ya kaki na buku?" Eyotaru alitikisa kichwa. "Dakta, mutu ya kaki alimwaga unga yangu, debe mbili, chini kwa mavumbi. Sasa mwingine ya kaki nakuja nauliza, mama, hii iko na ukungu? Mimi nasema nini? Nilisema iko safi. Wote tulisema."

Rosa alikuwa akibandika namba kwenye chupa, na anasema chupa moja aliibandika namba mara mbili.

Siku ya kupima ziliwekwa chupa ishirini na nne mezani, kumi na mbili kila upande. Waliziacha mpaka asubuhi iliyofuata. Dakta alifika kabla ya Rosa, akamkuta Ocokoru na ufunguo, lakini hakuingia. Alingoja waingie pamoja.

Upande wa unga uliovundikwa, vijikaratasi vilikuwa njano, viwili vikiwa vimekolea kidogo. Upande wa unga ulioanikwa tu, kumi na moja kati ya kumi na mbili vilikuwa rangi ya tofali.

Dakta Lado aliketi. Akahesabu tena kwa kidole, upande mmoja, kisha mwingine. "Nilitaka wakule hii," akasema. "Na ingekuwa na jina yangu."

Aliomba kalamu. Rosa akamwambia kalamu iko kwa Ocokoru, na kwamba hapa mtu husoma kwanza bila kalamu. Dakta akatoa ripoti mfukoni, imekunjwa mpaka pembe zimechakaa, akaisoma upya taratibu, mikono mitupu. Ilimchukua nusu saa. Baadaye, alipozungumza na mwandishi wa habari huko Koboko, alieleza mwenyewe kilichomshika pale: "Ile mutu alisifu jedwali yangu ya rangi. Nilikuwa nimeruka hapo kwa hasira. Alinisifu, halafu akanionyesha kwamba kitu ile nilifanya vizuri ndiyo nasema nimekosea."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Dakta alikubali. Aliondoa makala, akaandika nyingine inayosema kinyume cha ile ya kwanza, na akaeleza bila kujificha jinsi soko la Inde lilivyompa salamu akaichukua kuwa jibu. Imechapwa Julai. Lile tangazo la faini halikubandikwa.

Alimwomba mhariri amfikishie shukrani mhakiki wa pili. Mhariri akamwandikia Rosa kuuliza kama angependa ajulikane. Rosa alikaa na barua hiyo wiki mbili kabla ya kukubali. Dakta alipopata jina alikuja tena Ombaci, safari hii bila magunia.

"Ulikuwa unashika chupa zangu," alimwambia.

"Ndiyo, Dakta."

"Na mimi nakutukana."

"Ndiyo, Dakta. Ukitukana, ulikuwa unaniita dada. Nilichukua hiyo."

Ni saa tatu kasoro robo. Rosa amemaliza kusoma mara ya kwanza. Anarudisha makala kwenye bahasha na kuifungia kabatini, kwa sababu majedwali ni ya kesho. Sasa anaweza kuonyesha kitu kingine, na hiki hakihitaji gunia.

Ni kurasa kumi na nne, zimepigwa chapa kwenye mashine ya misheni yenye herufi moja inayokwama. Ni makala yake mwenyewe, ya kwanza. Amepima muhogo uliovundikwa siku mbili, tatu na nne, ili mama aliyebanwa na njaa ajue siku ipi sumu imeshuka kiasi cha kuliwa. Dakta Lado alitaka kuisoma kabla haijatumwa. Rosa alikataa, akasema asome akiitwa na mhariri, jina likiwa limetolewa.

Inaondoka Ijumaa na gari la posta. Baada ya hapo watu wawili asiowajua, mahali asipopajua, wataisoma. Huenda mmoja atasema hajui sayansi. Rosa anasema amejiandaa kwa hilo, na kwamba ana ombi moja tu.

"Nataka wanipe mutu mukali," anasema. "Nimeandika siku tatu inatosha. Nimepima mara tisa, naona inatosha. Lakini kama nimekosea, mutu huyo aone kwa karatasi, kabla Margarita ingine hajakula."

Ananyoosha mkono bila kugeuka, na Ocokoru anachomoa kalamu kichwani na kumpa. Rosa anaandika anwani ya jarida juu ya bahasha. Jina lake analiandika kwenye karatasi ya peke yake, ile ambayo mhariri ataiondoa.